Jaribio la tatu ndo nikaimaliza The Exorcist

The Exorcist ni muvi ya kutisha ya 1973, ya mtoto wa kike anayeingiwa na shetani mpaka mapadri wanaitwa kumtoa, na mimi nimeiona juzi tu mpaka mwisho, nasema mpaka mwisho kwa sababu nilishaianza mara mbili nikaiacha njiani. Mara ya kwanza usiku, peke yangu, taa nimezima, hedifoni masikioni. Nilifika pale mama mtu anasikia mikwaruzo juu darini anadhani ni panya, hapo hapo nikazima. Mara ya pili nikafika kitanda kinapotikisika na mtoto yuko juu yake anapiga kelele, nikazima tena, na usiku ule nililala taa inawaka.

Dada yangu alishaiona zamani. Nilipomsimulia akaniambia, "Mdogo wangu, wewe kinachokutisha ni sauti. Toa hedifoni, angalia mchana, na usiisimamishe simamishe, maana ukisimamisha kichwa chako kinaendelea kutunga mabaya kuliko yaliyomo." Basi tukakaa wote saa nane mchana, mapazia wazi, simu tumeziweka mbali.

Na kweli alikuwa sahihi kuhusu sauti. Ile sehemu kichwa cha mtoto kinageuka mpaka nyuma, nilichukua rimoti nikakata sauti kabisa, nikashangaa, nikawa naona mdoli tu, maana kweli walitumia mdoli pale. Nikarudisha sauti, mwili wote ukasisimka upya. Ile sauti ya shetani siyo ya Linda Blair, mtoto aliyeigiza, ni ya mwigizaji mtu mzima anaitwa Mercedes McCambridge, alikuwa anavuta sigara na kumeza mayai mabichi ili koo likwaruze, mpaka akaomba afungwe kwenye kiti wakati wa kurekodi. Muvi ilipata Oscar ya sauti na mimi naona walistahili hasa. Na ule mvuke unaotoka midomoni mwa mapadri chumbani ni pumzi zao kweli, chumba kilipoozwa kwa mashine mpaka wakawa wanatetemeka.

Lakini sasa, kitu kilichonishika siyo shetani. Ni hospitali. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu hiyo sehemu, watu wote wanaongelea kichwa na matapishi ya kijani. Mtoto analazwa kwenye meza, kichwa kinafungwa kisitikisike, wanamchoma sindano shingoni na damu inaruka, halafu lile limashine linaanza kugonga, ga ga ga ga, na yeye amekunja uso anavumilia. Hakuna pepo hapo, ni watu wa hospitali wanafanya kazi yao kwa upole tu. Halafu picha zinatoka madaktari wanasema hawaoni tatizo. Baadaye mama anawafokea kwamba madaktari 88 wamemuona mwanae na hakuna hata mmoja mwenye jibu, na hapo ndo machozi yakanitoka, dada yangu akanishika mkono bila kusema kitu. Mpaka leo nikiulizwa hii muvi inahusu nini nasema inahusu mama ambaye mwanae anaumwa na hakuna anayejua anaumwa nini, hayo ya shetani yanakuja baadaye.

Baada ya hapo sehemu za mwisho nilizimudu, niliogopa ndiyo ila sikutaka kuzima, nilitaka nijue yule mtoto anapona au la.

Kesho yake nikarudia ile ya hospitali peke yangu, nikakata sauti nikitegemea itakuwa kama ile ya kichwa, nitaona ni maigizo tu. Ile ndude ikawa inagonga kimya kimya, mtoto amekunja uso vile vile, na mimi mkono wangu nikaukuta uko shingoni.