Nilivyopunguziwa kodi kwa sababu ya bima, bila kuwa na mwajiri

Mimi ni mkufunzi wa kujitegemea hapa Kisumu. Mashirika hunilipa kwa kila warsha na kukata asilimia 5 papo hapo, ile kodi ya zuio. Sina payslip wala mhasibu wa ofisi wa kunikumbusha nafuu yoyote. Nisipoidai mwenyewe kwenye ritani, ile taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, imekwenda.

Nina bima mbili. Ya kwanza ni ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiyeajiriwa huulizwa kuhusu nyumba yake, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, kisha mtambo unamkadiria. Mimi nilikadiriwa shilingi 1,030 kwa mwezi, yaani 12,360 kwa mwaka. Ya pili ni bima ya kibinafsi yangu na watoto, 72,000 kwa mwaka.

Hizi mbili haziingii mahali pamoja. Tangu sheria ilipobadilishwa Desemba 2024, mchango wa SHIF, yaani mfuko wa SHA, hutolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mapato yangu hutozwa asilimia 30, ile 12,360 iliniokolea 3,708. Bima ya kibinafsi haigusi mapato: asilimia 15 ya ulicholipa hupunguzwa kwenye kodi yenyewe, mradi nafuu hiyo isizidi 60,000 kwa mwaka. Yangu ikatoka 10,800, kando na nafuu ya kila mtu ya 28,800.

Kazi ilikuwa kupata cheti cha malipo ya bima ya kibinafsi. Nilimpigia ajenti aliyeniuzia bima, akacheka.

“Dada, si meseji za M-Pesa unazo?”

Ninazo, lakini iTax, tovuti ya KRA (mamlaka ya kodi) ya kujazia ritani, haina haja nazo. Fomu inataka PIN (namba ya mlipa kodi) ya kampuni ya bima, namba ya mkataba wa bima, tarehe ya kuanza na jumla ya malipo ya mwaka, na KRA wakikuuliza baadaye watataka cheti cha kampuni. Nikaachana na ajenti, nikaandika barua pepe moja kwa moja makao makuu, nikaweka PIN yangu na namba ya mkataba kwenye kichwa cha barua. Kilikuja. Tena omba mapema, kwa maana Juni inapokaribia kwisha, nchi nzima inakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya ritani.

Baada ya hapo ni kujaza tu na kuhakikisha vyeti vya ile asilimia 5 vimejitokeza vyote.

Jirani yangu mwenye duka la vipuri Kibuye aliposikia, alitaka nimjazie naye. Lakini yeye yuko kwenye kodi ya mauzo, asilimia 3 ya kila kinachoingia, na huko hakuna kutoa gharama wala nafuu ya bima. Nilimwambia anaweza kumwandikia Kamishna aombe kuhamia kodi ya kawaida, ila kwanza alete daftari la matumizi tuone kama inamlipa. Daftari lenyewe, anasema, analo kichwani.