Timu zikipiga kelele, mji unasikiliza nini?

Msanii wa bongo akitoa wimbo, timu huamka. Team Mondi ya Diamond Platnumz na Team Kiba ya Alikiba wamerushiana maneno miaka kumi na ushei, na ukizisoma komenti zao utadhani hakuna mtu Pwani asiye na upande. Kisha panda matatu ya Mtwapa hapa Mombasa. Dereva amechomeka flash yake, na kutoka mjini mpaka Bamburi haupigwi hata mmoja katika nyimbo zilizogombaniwa jana usiku. Hakuna abiria anayelalamika. Nusu yao hawana habari kwamba kulikuwa na ugomvi.

Je, makundi ya mashabiki yanaonyesha ladha ya watu kwa jumla? Kwangu mimi yanaonyesha joto la wachache, na hilo huonyesha vizuri sana. Upana hayawezi kuuonyesha, na kosa linaanzia kwenye neno tunalotumia. Tunasema wimbo "umefikisha watazamaji milioni moja", ilhali YouTube inahesabu mara video ilivyochezwa, si vichwa vya watu. Shabiki mmoja wa Mshomoroni anayecheza video mara 20 kwa siku, siku saba, amecheza mara 140. Hata YouTube ikichuja nusu, bado anaonekana kama umati. Sasa chukua matatu ya abiria 14 inayopiga tripu 10 kwa siku, na wimbo upigwe mara moja kila tripu. Watu 140 wameusikia, kuanzia mama anayetoka Kongowea na gunia la nyanya hadi fundi wa simu anayefunga duka. Mtandaoni hesabu yao ni sifuri, kwa sababu sauti imetoka kwenye flash.

Makundi yenyewe yana nidhamu ya kazi hii. Maagizo hutumwa asubuhi ya siku wimbo unapotoka: ingia na akaunti yako, usiache video ijirudie yenyewe, weka nyimbo mbili tatu nyingine katikati, usiruke mbele, usizime sauti. Baadhi yana maana. YouTube huondoa michezo (yaani mara video ilivyochezwa) inayofanana na ya mashine, na namba inaweza kuganda kwa muda ikikaguliwa, ndipo utaona mashabiki wakilia kwamba msanii wao anahujumiwa. Mengine ni itikadi tu, kama ile ya kwamba sauti ikishuka chini ya nusu mchezo hauhesabiwi. Kwa Spotify, iliyofunguliwa Kenya Februari 2021, kanuni iko wazi: sekunde 30 zikipita, mchezo umeingia. Sekunde ya 31 shabiki anaweza kwenda zake.

Wenye chati wanalijua tatizo hili kitambo. Mwaka 2019 YouTube iliamua kuwa michezo iliyotokana na matangazo ya kulipia haitaingia kwenye chati zake za muziki wala rekodi za saa 24, baada ya mzozo wa wimbo wa Badshah wa India uliodaiwa kupata milioni 75 kwa siku moja. Mwaka 2021 "Butter" ya BTS, kundi la Korea Kusini, ilikaa namba moja ya Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, wiki 10, ikibebwa sana na nakala za kupakua zilizonunuliwa na mashabiki, na Januari 2022 Billboard ikapunguza nakala zinazohesabiwa kwa mteja mmoja kwa wiki kutoka nne hadi moja. Kama Billboard inalazimika kuweka mipaka hiyo, sisi tunaosoma komenti tu tuna haki gani ya kusema mji mzima umeamua?

Halafu kuna suala la komenti zinatoka wapi. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019. Tanzania, sensa ya 2022, 61,741,120. Yaani kwa kila mtu mmoja wa Mombasa kuna Watanzania zaidi ya hamsini wanaozungumza lugha ileile ya komenti. Ukiona mjadala mkali wa Kiswahili chini ya video, kwa hesabu tu uwezekano ni kwamba wengi wao hawajawahi kuvuka feri ya Likoni. Ongeza na ndugu zetu walioko Ghuba: "Gonga like kama unasikiliza ukiwa Saudia." Hao ni wa kwetu, sikatai, lakini hawatakuja Tononoka Jumamosi kununua tiketi. Promota anayepanga ukumbi kwa kusoma komenti huishia na viti vya plastiki vikimtazama.

Isitoshe, wanaoandika ni wachache hata ndani ya kundi. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, aliliweka hivi mwaka 2006: katika kila watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye huandika sehemu kubwa. Ladha ya huyo mmoja ndiyo unayoisoma.

Sasa, anayetaka kujua ukweli afanyeje? Chombo ninachokiamini kuliko vyote ni Shazam, programu ya simu inayousikiliza wimbo na kukutajia jina lake. Shabiki hana haja nayo, maana wimbo anaujua kabla haujatoka. Anayefungua Shazam ni mtu aliyesikia kitu dukani au garini, kikamgusa, na hajui ni cha nani. Wimbo ukipanda chati ya Shazam ya Kenya huku timu zikiwa kimya, huo unatembea wenyewe. Google Trends, inayoonyesha watu wanatafuta nini Google, nayo ina faida, kwa kuwa inagawanya hadi kaunti, ila isomwe kwa uangalifu: 100 pale ni kilele cha ulinganisho, wala si idadi ya watu, na kaunti yenye utafutaji mdogo hurukaruka bila sababu. Andika jina la wimbo pamoja na neno "lyrics" au "mp3". Anayetafuta hivyo ni msikilizaji wa kawaida, maana shabiki sugu amekwisha kuupakua.

Angalia pia umbo la siku. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, wimbo wa kwanza unapata laki tano siku ya kwanza na elfu ishirini tu kwa siku ikifika wiki ya nne. Wa pili unaanza na elfu kumi na tano, wiki ya nne uko elfu arobaini kwa siku. Wa kwanza umesukumwa, wa pili umechukuliwa. Kwa hiyo piga picha ya skrini ya namba kila siku, saa ileile, kwa siku 28, kwani baadaye ukurasa wenyewe utakuonyesha jumla peke yake.

Lakini kuna muziki ambao hata mbinu hizi haziugusi. Chukua waimbaji wa taarabu ya Mombasa: Juma Bhalo alifariki 2014, Zein l'Abdin 2016. Hakuna timu inayowapigania, na nyimbo zao zimepandishwa YouTube na watu tofauti, kila mtu na tahajia yake: Bhalo na Balo, L'Abdin na Labdin. Wimbo mmoja una vipande vitano sita, kila kimoja na namba yake ndogo. Tafuta kwa tahajia zote, jumlisha, ndipo ulinganishe. Bango, muziki wa dansi wa Pwani wa Mzee Ngala, ina shida hiyohiyo. Huko ndiko ladha kubwa ya mji huu imejificha, na ajabu ni kwamba vijana wa komenti huiita ya wazee huku wakiicheza kila harusini.

Hesabu ya garini nayo inawezekana kwa daftari na kalamu. Chagua njia nne, tuseme Mtwapa, Magongo, Kisauni na Likoni kwenda Ukunda. Panda magari matatu kwa kila njia: asubuhi, adhuhuri, jioni. Andika kila wimbo mara moja kwa gari, na uweke alama kama ni redio au flash. Redio ikitaja saa au kupiga tangazo utajua, na hapo aliyechagua ni mtangazaji. Hitilafu kubwa ni miksi. Dijei mmoja akiuza miksi yake kwa magari sita, umesikia chaguo la mtu mmoja mara sita, kwa hiyo sikiliza jina lake linalotajwa katikati ya nyimbo na uhesabu mara moja. Usifanye Ramadhani, kwa sababu magari mengi huweka kaswida na hesabu yote huharibika. Hata hivyo ukumbuke kuwa hii ni ladha ya madereva na makanga, wengi wao wanaume vijana.

Ya wanawake utaipata kwenye ukumbi wa harusi, upande wao, na huko simu mara nyingi hukatazwa mlangoni ili wasiojistiri wasipigwe picha. Nyimbo zinazopigwa huko usiku kucha haziachi alama yoyote mtandaoni. Njia ni kumuuliza dijei wa harusi. Yeye ana kipimo chake: hukata sauti ghafla na kuusikiliza ukumbi. Akikata kwenye kiitikio hapati habari, kwani kiitikio kila mtu amekichukua TikTok. Hukata kwenye ubeti wa pili. Wakinyamaza, anabadilisha wimbo kabla ya watu kurudi vitini. Wakiendelea kuimba neno kwa neno, anauacha mpaka mwisho, na wiki ijayo anaupiga tena Majengo.