Kilo 7 za begi la mkononi

Tiketi ya ndege ya bei nafuu mara nyingi haina mzigo mkubwa, na begi la mkononi huishia kilo 7. Lipime nyumbani: panda mizani ukiwa umelibeba, kisha toa uzito wako. Begi gumu la magurudumu hula kilo 2 au 3 kabla hujaweka hata soksi, kwa hiyo chukua la mgongoni. Viatu vizito na jaketi, vaa.

Losheni iwe kwenye chupa ya mililita 100. Chupa ya 200 iliyobaki nusu viwanja vingi vya ndege huichukua, kwani kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa, na inauma kuiacha pale.

Kama unakokwenda wanadai chanjo ya homa ya manjano, ichomwe mapema. Cheti huanza kutambulika baada ya siku 10.