Nilivyowaelewesha kidato cha sita jinsi seli inavyotoa insulini

Nilipoanza kufundisha biolojia hapa Mwanza, mwalimu mwenzangu alinishauri: "Madamu, waambie kifuko chenye insulini kinafika ukingoni mwa seli, kinapasuka, homoni inatoka. Wakariri, msonge mbele." Ushauri huo unanikera hadi leo. Kifuko kikipasuka, insulini inamwagika humohumo ndani ya seli iliyoitengeneza, kwenye damu haifiki. Kifuko hakipasuki. Utando wake unaungana na utando wa seli vikawa kitu kimoja, na kilichokuwa ndani kinajikuta nje.

Kazi ipo hapo kwenye kuungana, maana tando mbili zikikaribiana zinasukumana. Lazima protini zizivute kwa nguvu, na nguvu haichoreki ubaoni.

Jibu nililipata Mwaloni Kirumba nilikokwenda kununua sato, nikamkuta mzee anasokota uzi wa nyavu. Nikanunua uzi, nikaongeza maputo. Elfu chache tu, na maputo ndiyo yaliyokula nyingi. Nunua ya ziada, na usiyajaze sana.

Kila kundi lilipata puto na kipande cha boksi. Puto ni kifuko, boksi ni utando wa seli, nyuzi ni zile protini zinazovuta. Kwenye puto tulibandika uzi mmoja kwa selotepu: sinaptobrevini, protini ya kwenye kifuko. Kwenye boksi nyuzi tatu: protini za kwenye utando wa seli, mmoja sintaksini, mbili SNAP-25, inayochangia nyuzi mbili peke yake. Kisha nikasema: sokoteni zote nne pamoja, puto lifike kwenye boksi bila kulisukuma.

Karibu wote walianzia puto lilipo. Uzi ukapiga fundo, puto likabaki palepale. Nikawaacha makusudi. Binti mmoja akakusanya zile ncha za mbali, akasokota kurudi kuelekea kwenye puto. Likaanza kusogea, kidogo kidogo, hadi likabanwa kwenye boksi, uzi umekaza unang'ata vidole. Makofi yalipigwa hadi darasa la jirani wakachungulia! Na protini zenyewe hufanya hivyohivyo: zinaanza kushikana kwenye ncha za mbali, zinamalizia karibu na tando.

Raundi ya pili nilimwambia ashikilie, asimalize mzunguko wa mwisho mpaka niite "kalsiamu!" Seli za beta za kongosho, ndizo zinazotengeneza insulini, zikipata glukosi, ATP (nishati ya seli) inaongezeka, milango ya potasiamu inafungwa, ya kalsiamu inafunguka. Kalsiamu ikiingia inanaswa na sinaptotagmini, protini inayoihisi, ndipo kifuko kinaungana. Neva nazo hutoa kemikali zake kwa njia hiyohiyo, na kwao hatua hiyo ya mwisho haifikishi hata milisekunde moja. Wajue pia kwamba Thomas Südhof, aliyeichimbua kazi hii ya kalsiamu, alipata Tuzo ya Nobeli ya 2013 pamoja na James Rothman na Randy Schekman.

Mwisho nilichukua wembe nikakata uzi wa puto. Sumu ya pepopunda hukata huohuo, sinaptobrevini, ndani ya neva za uti wa mgongo zinazotuliza misuli. Zikishindwa kutoa kemikali zake, misuli inakakamaa na taya linafunga.

"Na ukikata SNAP-25, madamu?"

Sumu ya botulinamu aina ya A hukata hiyo, tena kwenye neva zinazoamrisha misuli. Asetilikolini, kemikali inayoambia misuli ikaze, haitoki, na misuli, badala ya kukakamaa, inalegea.