Sekunde 46 za C.J. Stroud

Wiki moja kabla Tampa Bay Buccaneers hawajaja Houston, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Texans, ilifungwa 15-13 na Carolina kwa teke la mwisho la mchezo. Kipigo hicho kiliuma kuliko vingine kwa sababu moja: Carolina ndio waliochagua wa kwanza kwenye drafti ya 2023, zamu za timu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, wakamchukua kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu, Bryce Young, nasi tukachagua wa pili tukamchukua C.J. Stroud kutoka chuo kikuu cha Ohio State. Namba moja kamfunga namba mbili. Jumatatu ile kila mtu kazini aligeuka kocha. Huyu anasema Stroud amekwisha kusomwa, yule anasema chipukizi wote ndivyo walivyo, moto wa mabua.

Mimi sikuyumba, na si kwa ushabiki tu. Mechi mbili za kwanza za msimu Stroud aliangushwa chini mara 11 akiwa bado na mpira mkononi. Ukuta wa kumlinda ulikuwa umejaa majeruhi. Chipukizi akipigwa kiasi hicho huharibika kwa njia inayojulikana. Macho huacha kuwatazama wapokeaji, huanza kutazama mikono ya wanaomjia. Kisha miguu hukosa subira, anakimbia hata pasipo hatari, na mpira unatoka umechelewa. Houston tunalijua hilo vizuri, maana kwotabeki wetu David Carr aliangushwa mara 76 mwaka 2002, msimu wa kwanza wa timu hii, na baada ya hapo hakuwahi kuwa yule tuliyeahidiwa. Stroud yeye aliamka kila mara, na macho yake yakabaki mbele. Alivunja hata rekodi ya kwotabeki wa Dallas, Dak Prescott, ya 2016, aliyeanza ligi kwa pasi 176 bila hata moja kudakwa na wapinzani.

Basi Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 nikampeleka mjomba uwanjani, NRG Stadium. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, na mchezo huu alikuwa akiuona kwa jicho la mtu aliyezoea dakika tisini bila kusimama. Mechi ilianza saa sita mchana.

"Sasa mpwa, mbona kila wakianguka wanakwenda kufanya mkutano?"

Nikamwambia aachane na mpira, amtazame namba 7, yaani Stroud, miguuni. Kwotabeki anasimama kama yadi tano nyuma ya anayemrushia mpira. Akiupokea anarudi hatua tatu za haraka, na hatua ya tatu ndiyo yenye siri. Mguu wa nyuma ukikita, mpokeaji wa kwanza awe wazi au asiwe wazi, uamuzi unatolewa pale pale. Akiwa wazi, mpira unaondoka kabla mwenyewe hajageuka kuutafuta. Akiwa amebanwa, kwotabeki anaruka kidogo kwa vidole na kifua kinamgeukia wa pili. Naye akibanwa, hatua nyingine ndogo, wa tatu. Yote hayo ndani ya sekunde mbili na nusu, tatu zikizidi. Mwenye papara utamwona miguu inacheza ovyo huku macho yameganda kwa mtu mmoja. Hapo beki wa nyuma anayasoma macho, anawahi, anadaka. Ndiyo maana sipendi kuhesabu yadi peke yake. Mtu anaweza kupata yadi 300 kwa bahati na uzembe wa mabeki, lakini miguu haidanganyi.

Mjomba alitazama kidogo, akasema, "Huyu kama anatawadha. Hana haraka na haruki kiungo."

Hadi mapumziko tulikuwa nyuma 17-10, na balaa jingine likatufika: mpigaji wetu wa mateke, Ka'imi Fairbairn, aliumia paja na hakurudi. Asiyeufuata mchezo huu anaweza kudhani ni jambo dogo. Bila mpigaji, baada ya kila tachidauni, yaani pointi sita za kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, huna ile pointi moja ya uhakika. Inabidi ujaribu pointi mbili kutoka yadi ya pili, na mbele yako wamepangwa watu kumi na mmoja kama ukuta wa ngome. Robo ya tatu Stroud alifungua kwa pasi ya yadi 75 kwa Noah Brown, tachidauni moja kwa moja, na ziada ikakosekana. Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyoiacha mechi ikining'inia hadi 30-30.

Ndipo akatoka Dare Ogunbowale. Huyu kazi yake ni kukimbia na mpira, si kupiga teke. Walimpa teke la yadi 29, na nikamfafanulia mjomba namna umbali huo unavyopatikana: mpira ulikuwa yadi ya 12, unarudishwa yadi saba nyuma ili apate nafasi ya kupiga, kisha unaongeza yadi kumi za eneo la nyuma ambako milingoti imesimama. Mpira ukapita katikati. 33-30. Tangu 2004 hakuna asiyekuwa mpigaji wa kawaida aliyewahi kufunga hivyo kwenye ligi hii. Mjomba, ambaye hadi hapo alikuwa akila popkoni kwa adabu, alisimama.

"Huyo sasa ndiye mchezaji wa mpira wa miguu!"

Furaha haikudumu. Kwotabeki wao Baker Mayfield akampata Cade Otton kwa yadi 14, Tampa 37, sisi 33, na saa imebakisha sekunde 46. Teke la pointi tatu lisingetosha hata kama mpigaji angekuwepo. Ilitakiwa tachidauni, kutoka yadi 75.

Hapa ndipo chipukizi wengi huzama, na sababu ni saa kuliko mabeki. Pasi ikianguka chini, au mpokeaji akitoka nje ya mstari, saa inasimama. Akiangushwa ndani, inaendelea kukatika huku watu ishirini na wawili wakikimbia kujipanga upya. Sauti ya kocha kwenye kofia ya kwotabeki nayo hukatwa zikibaki sekunde 15 za kuanzisha kila jaribio. Kuanzia hapo yuko peke yake na kelele za uwanja. Kwa haraka ile maelekezo hufupishwa yakawa neno moja au ishara ya mkono. Asiyeyabeba kichwani tangu Jumatano mazoezini atachelewa.

Walihitaji majaribio sita tu. Nilikuwa nimeng'ang'ania kutazama miguu ile ile: hatua tatu, kukita, kurusha. Katika pasi ya mwisho, ya yadi 15, macho yangu yalikuwa bado chini kwake mpira ulipokwisha kuondoka, kwa hiyo sikumwona Tank Dell akiudaka. Niliujua kwa mshindo wa watu. Dell ni mdogo wa umbo, futi tano na inchi nane, kijana wa chuo kikuu cha hapa hapa Houston, na Stroud mwenyewe ndiye aliyewaomba wakubwa wamchague. Saa ilisimama kwenye sekunde 6. Houston 39, Tampa 37.

Pasi 30 zilizofika kati ya 42, yadi 470, tachidauni tano, hakuna iliyonyang'anywa. Hakuna chipukizi aliyewahi kufikisha yadi hizo katika mechi moja. Andrew Luck alishika rekodi kwa 433 tangu 2012. Timu yetu, iliyoshinda mechi tatu tu mwaka 2022, ilimaliza kwa ushindi 10 na vipigo 7, ikawapiga Cleveland 45-14 kwenye mtoano kabla ya kuzimwa na Baltimore. Msimu wa pili ukuta ukalegea tena, Stroud akaangushwa mara 52, akadakwa pasi 12, na wale makocha wa Jumatatu wakapata la kusema. Mimi bado natazama miguu.

Tukiwa kwenye foleni ya treni pale nje ya uwanja, mjomba alikuwa na swali moja tu.

"Mbona ile ziada ya mwisho hawakuipata? Si wangeongeza?"

Nikamweleza: wapinzani wakiunyakua mpira kwenye jaribio lile na kukimbia nao hadi upande wa pili, wanapewa pointi mbili. Ingekuwa 39-39, ndiyo maana hawakujaribu.

"Ahaa," akasema. "Kumbe na ninyi huupeleka mpira kwenye kibendera cha kona."