Usiku wa Kukata Maneno

Mwaka 1998, Dar es Salaam, ukurasa wa tatu wa kibonzo changu ulirudi kutoka kwa mhariri umepigwa mistari myekundu karibu kila penye maelezo. Saa tatu usiku hiyo, na kesho asubuhi kiwanda cha kuchapa kinasubiri.

Nilikuwa nimechora kama nilivyokuta wakubwa wakichora: visanduku sita vilivyolingana, juu ya kila kimoja sentensi. Cha nne kilisema, "Mzee akafungua mlango kwa hofu, akakuta chumba kitupu." Chini yake mzee anafungua mlango, macho yamemtoka, chumba kitupu. Msomaji anaambiwa kitu kilekile mara mbili. Hal Foster, mchoraji wa Marekani, naye alipoanza katuni yake Prince Valiant mwaka 1937 alitumia maelezo matupu, bila hata puto moja la kubeba maneno ya wahusika, ilhali maputo yalishazoeleka magazetini Marekani. Ila Foster alikuwa na mkono. Mimi nilikuwa na haraka.

Mhariri akanifunulia Watchmen, katuni ya Marekani iliyoanza kutoka 1986: visanduku tisa, tatu kwa tatu, na hakuna puto la mawazo. "Huo mlango nipe mara tatu," akasema. Mkono kwenye kitasa. Ufa wa mwanga. Kitanda kitupu. Kisanduku kimoja kikazaa vitatu vyembamba, na mzee akachelewa kufungua bila mtu kuandika kwamba anaogopa.

Kilichonikwamisha ni maputo. Nilitangulia kuchora watu, nikaacha maneno mwisho. Muulizaji nilimsimamisha kulia, mjibuji kushoto. Kwa kuwa jicho letu huanzia kushoto juu, jibu likasomeka kabla ya swali. Wino mweupe hauponyi kosa hilo. Nilikata kisanduku kizima kwa wembe, nikachora kingine, nikabandika, kisha nikapaka nyeupe kingo za kiraka, maana kivuli chake kamera ya kiwandani hukinasa kama mstari.

Karatasi ilikuwa A3, gazeti A4, yaani kila upande wa picha unabaki asilimia 71 hivi. Herufi za milimita 4 hutoka karibu 3. Zangu, kwa kubana nafasi, zilikuwa 2.5 hata kabla ya kupunguzwa.

Maelezo yaliyonusurika ni ya kisanduku cha kwanza tu: "Mbagala, saa kumi alfajiri." Giza pekee lisingetaja saa. Gazeti lilipotoka, karatasi ilikuwa imekunywa wino, matundu ya kila "a" yamezibika, na hayo maneno manne ndiyo hayakusomeka.