Kitambaa cha zamu

Kwetu Usukumani mapacha huja na majina yao. Aliyetangulia kuzaliwa ni Kulwa, aliyemfuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Nyumbani kwangu wapo wote watatu. Kulwa na Doto ni wasichana wa miaka 5, wako darasa la awali katika shule ya msingi iliyo chini ya mlima. Shija ni mvulana, ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mama yao ni muuguzi. Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani Makoroboi, mjini Mwanza, na tunaishi Igogo, juu kwenye mawe, mahali ambapo bodaboda inakuachia njiani na safari iliyobaki unaimaliza kwa miguu.

Nimeulizwa mara nyingi na wenzangu pale barazani, akina baba kama mimi, naziwezaje asubuhi nikiwa peke yangu na watoto. Kila mara nimejibu kwa mkato kwa sababu mteja amesimama na suruali yake mkononi. Leo nieleze vizuri.

Mama Kulwa alirudi kazini baada ya siku zake 84 za likizo ya uzazi. Mwanzoni alikuwa zamu za mchana, na zile saa mbili kwa siku ambazo sheria inampa mama anayenyonyesha zilimsaidia kurudi mapema. Shija alipotimiza miezi saba zikaja zamu za usiku. Anatoka saa moja jioni, anarudi saa mbili na nusu asubuhi akiwa hana hata nguvu ya kuvua viatu. Hapo katikati watoto ni wangu.

Wiki ile ya kwanza tulichelewa shule siku nne kati ya tano. Sikuwa mvivu wa kuamka, maana Shija alikuwa akiniamsha saa kumi na moja kabla hata ya adhana. Kilichotuchelewesha ni ugomvi. Kulwa na Doto waligombea nani aoge kwanza maji yakiwa ya moto, nani anywe uji kwenye kikombe chenye mpini, nani avalishwe sweta kwanza. Na mlimani kwetu kuna jambo moja tena: njia ya kushuka ni nyembamba, inapita katikati ya mawe, haitoshi watu wawili sambamba. Shija nimembeba mgongoni kwa kitenge, mkono mmoja nashikilia jiwe, mkono mmoja umebaki. Mtoto mmoja anaushika, mwingine anafuata nyuma ameshika shati langu. Ugomvi wa nani ashike mkono ulikuwa mkubwa kuliko wote, na palepale ndipo pa hatari, kwa sababu jiwe likiwa na umande linateleza.

Siku ya Alhamisi ya wiki ile niliwapigia kelele juu ya jiwe. Doto akaachia shati langu, akakaa chini akaziba masikio. Nilishusha pumzi, nikakaa naye pale pale hadi aliponipa mkono mwenyewe. Tulifika shule watoto wenzao wakiwa wameshaingia darasani. Siku nzima nilishona nikiwa naona yale masikio yaliyozibwa.

Nilifikiri kama fundi: wanagombana kwa sababu vitu havilingani, basi nivilinganishe. Nikashona mabegi mawili ya jinzi, kipimo kimoja, zipu moja, mfuko mmoja wa mbele. Nikanunua vikombe viwili vya bati vyekundu. Soksi, sweta, hata vifungo vya mashati, vyote sawa. Ilinichukua jioni tatu. Asubuhi ya nne waligombea begi. Kila mmoja anasema lile ndilo lake, na kwa kuwa yalifanana kama wao wenyewe, hata mimi niliyeyashona sikuweza kuamua.

Kisha Shija akaugua. Alikuwa na miezi minane, akaanza kuharisha usiku wa manane na mama yake yuko wodini. Nilimpigia simu, akanielekeza kwa sauti ya chini: chemsha maji, yapoze, pima lita moja kamili, ndani yake pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, usikisie. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika subiri kama dakika kumi uendelee. Maziwa niliyomkamulia mpe kama kawaida, asikatishwe. Na kuna vidonge vya zinki kabatini, cha miligramu 20, kiyeyushe kwenye kijiko cha maji, kimoja kwa siku, siku 10 hata akipona kabla. Akaniambia pia dalili za kunifanya niache kila kitu nimkimbize hospitali: akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo. Nilikaa kitandani na kikombe na kijiko hadi kukapambazuka, nikimtazama macho. Hayakudidimia, Mungu mkubwa.

Alfajiri nilimpigia mama yangu Sengerema aje. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kusubiri kivuko Kigongo, na foleni yake hakuna aliyekuwa na uhakika nayo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari linapita ziwa bila kusimama. Saa tatu na nusu bibi alikuwa mlangoni na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mapacha hawakwenda shule siku ile. Walimsalimia kwa magoti, "Mwangaluka," kama alivyowafundisha, na baada ya robo saa wakaanza kugombana mbele yake nani akalie kigoda kilicho karibu naye.

Mama alikaa nasi siku tano. Hakusema mengi. Aliwatazama tu huku akimenya, akifua, akimbembeleza Shija. Siku ya tatu, akipika michembe ya karanga, akaniita.

"Baba Kulwa, hawa hawagombei begi. Wanagombea kutangulia. Umewapa vitu sawa, lakini wa kwanza anabaki mmoja. Basi kila mtu ajue siku yake."

Siwezi kueleza jinsi maneno hayo yalivyonitulia. Nilikuwa nimehangaika na vitu, kumbe shida ilikuwa kwenye nafasi. Usiku ule nilichukua mabaki ya vitambaa barazani, chekundu na cha kijani, nikavikata na kuvipinda pindo kama leso. Nikawauliza nani anataka rangi gani. Kulwa nyekundu, Doto kijani. Kila kitu chao nikakitia alama kwa uzi wa rangi hiyo: ndani ya kola, kwenye mkanda wa begi, kwenye ukingo wa soksi. Juu ya mlango nikapigilia msumari. Kikining'inia chekundu, leo ni siku ya Kulwa: anaoga kwanza, anachagua kikombe, anashika mkono wangu mlimani. Kikiwa kijani ni siku ya Doto. Anayefuata nyuma naye nikampa kazi, kwa sababu niliona asiyekuwa na zamu anabaki na uchungu. Yeye ndiye mlinzi wa Shija. Anatazama miguu yake mgongoni kwangu, akiona kiatu kinataka kudondoka anasema. Kazi hiyo Doto anaipenda hata kuliko kutangulia.

Kuna kosa nililifanya, na nalitaja ili mwingine asilirudie. Kila Jumatatu nilikuwa naanza upya na chekundu. Wiki ya pili Doto alikuja na vizibo vya soda ameviweka mkononi, vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine. "Kulwa ana hivi. Mimi nina hivi." Alikuwa sahihi kabisa. Siku za shule ni tano, na anayeanza Jumatatu anapata tatu. Tangu siku hiyo kitambaa kinabadilishwa kila tunapoamka, hata Jumamosi, hata sikukuu, bila kuanza upya. Doto ndiye mwenye kukibadilisha, anapanda juu ya ndoo iliyofunikwa huku nimemshika kiuno.

Jambo la pili lililotusaidia ni kuihamishia asubuhi jioni. Sare zinakunjwa juu ya kiti kabla ya kulala, shati juu, sketi chini, soksi ndani ya viatu. Unga wa uji, ulezi na mahindi, unapimwa kabisa kwenye sufuria, kubaki maji tu. Maji ya kuoga yako kwenye ndoo mbili zenye mifuniko, kwa sababu bomba la mlimani haliaminiki, linaweza kukauka siku tatu. Alfajiri nikiwasha jiko, chai ya Mama Kulwa inaingia kwenye chupa, uji unafuata, maji ya kuoga yanapata moto uliobaki. Shija anakula kwanza kwa sababu akishiba anakaa. Saa kumi na mbili na nusu tunafunga mlango. Nikishawaacha shuleni napanda tena na Shija kumsubiri mama yake, ndipo nashuka Makoroboi saa tatu. Wateja wangu wameshazoea, na waliohama kwa sababu hiyo siwalaumu.

Asubuhi mbaya bado zipo. Kuna siku uji unamwagika kwenye sare, kuna siku mmoja anaamka amenuna hata zamu ikiwa yake. Lakini zile kelele za juu ya jiwe hazijarudi, na nashukuru.

Na jioni, kazi za maandalizi zikiisha, tunakaa kwenye jiwe kubwa lililo mbele ya nyumba. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, na ziwa linakuwa kama mji mwingine upande wa pili. Watoto wanahesabu taa. Kulwa huwa anapotelea kwenye ishirini na tisa, anaruka kwenda arobaini. Doto anamsahihisha, kisha wanaanza tena moja. Shija analala kifuani kwangu kabla hawajafika kumi. Nimeshona nguo nyingi nzuri maishani mwangu, lakini sijui kama kuna kitu nimekishika mkononi kikanipa raha kama ule uzito wake akiwa usingizini.

Mwezi uliopita Shija, akiwa ameshaanza kutembea, alipanda kitandani siku kitambaa kilipokuwa kimeanguka, akakichukua, akatembea nacho nyumba nzima akikataa kukitoa. Mapacha walinijia pamoja, na hilo pekee ni jambo la nadra.

"Baba, Shija hana rangi."

Nilishona cha njano jioni ileile, kutoka kwenye kipande cha gauni la harusi la mteja mmoja. Doto alipanga vizibo upya, sasa kila mmoja anangoja siku mbili ndipo ya kwake ifike, na wameridhika. Siku ya njano Shija anaoga kwanza, akipiga maji kwa viganja, na dada zake wanamshangilia.

Mama yao akirudi kutoka zamu, kabla hajaweka mkoba chini, anainua macho juu ya mlango aone ni siku ya nani.